Bampa la Mabua

Naomba radhi mapema. Mwandiko wangu umelala upande kama mtama uliopigwa na upepo, na yako maneno ambayo sina hakika nayo, kwa hiyo nimeyaandika jinsi ninavyoyasikia. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua mchana mzima, kwa sababu kila nikimaliza sentensi naisoma tena kwa sauti ndogo nione kama ndicho nilichotaka kusema. Ukikutana na kosa, lizunguke tu kama jiwe la njiani, uendelee.

Naandika kwa sababu ya bampa. Tangu mvua zilipoanza, watu wananisimamisha hapa Mwankoko na kuniuliza, "Ni wewe uliyetengeneza bampa la gari la yule mama?" Naitikia kwa kichwa. Wakiuliza nilijuaje kipi cha kuweka na kipi cha kuacha, nacheka kidogo na kutazama viatu vyangu, na wao wanaondoka wakidhani naficha ujuzi. Sifichi. Ni aibu tu. Tangu utotoni, nikitazamwa na watu wawili kwa pamoja maneno yanarudi tumboni. Kalamu hainitazami, ndiyo maana nimeichukua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya mjomba wangu. Karakana ni neno kubwa. Ni mabati machache juu ya nguzo, mashine ya kuchomelea, grenda ya kukatia vyuma inayolia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni, na nyuma yetu mawe makubwa yanayotukinga na upepo. Upepo wa Singida haumwachi fundi. Unakupokonya cheche, unakujaza vumbi machoni, na ukiweka kofia chini unaenda kuichukua kwa jirani. Kazi zetu ni madirisha, milango, vitanda, mabanda ya kuku. Mjomba aliwahi kutengeneza mabampa zamani. Mimi, kamwe.

Mama mwenye gari ni mfanyabiashara. Anapakia unga, dagaa, sabuni na sururu hapa mjini, anashuka mlima wa Sekenke, kisha anaacha lami na kuingia njia za wachimbaji wadogo na wakulima wa bondeni. Akirudi analeta alizeti na kuku. Gari lake ni pikapu kuukuu, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, yenye rangi ambayo zamani ilikuwa kijani. Siku lilipoingia kwetu halikuwa na bampa mbele, na la nyuma lilifungwa kwa waya kama kidole chenye kidonda.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako yupo?"

Dereva wake alishuka upande wa pili. Ni mtu mzima mwenye tumbo, na anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Nikamwamkia naye.

"Marahaba, dogo. Mbona unaisalimia ardhi? Mimi niko huku juu."

Mjomba akatoka na kiti cha mama. Mama hakukaa. Alisimama mbele ya gari, mahali ambapo bampa lilitakiwa kuwa, akaeleza.

"Tatizo langu ni korongo. Kabla hujafika kwa wachimbaji kuna korongo la mchanga, unashuka wima na kupanda wima. Msimu uliopita, mvua ya kwanza tu, bampa lilichoma mchanga, likakunjika, likaingia kwenye rejeta. Gari likalala humo humo. Maji yakaja kutoka juu. Unga wote ukawa uji."

"Uji usio na sukari," dereva akaongeza.

"Wewe nyamaza. Ulikuwa juu ya paa unamwita mama yako."

"Nilikuwa namsalimia tu."

Mama hakucheka. Alisema magari madogo hukoma kwenda kule mvua zikianza, na watu wa bondeni hubaki wanamtazamia yeye. Safari hii alitaka bampa la mbele na la nyuma, yote ya chuma kweli, kabla mawingu hayajakusanyika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Dereva alitoa simu na kutuonyesha picha za magari ya porini. Alitaka ngao kubwa yenye mabomba mpaka juu ya boneti. Alitaka mabawa mapana yanayozunguka hadi karibu na magurudumu. Alitaka winchi ya kujivutia gari likikwama, na taa mstari mzima juu ya ngao. Mama alitaka nyuma kuwe na sehemu ya kubebea madumu ya maji na mafuta, na ngazi ya kukanyaga anapopanda kupanga mizigo. Mjomba alitaka chaneli moja nene ya chuma, imenyooka, basi.

"Chaneli moja!" dereva akasema. "Unataka gari langu lifanane na toroli?"

"Gari lako tangu lini?" mama akauliza.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alikuwa anaona bampa lake kichwani, na hakuna aliyeweza kuona la mwenzake. Mwishowe mjomba akasema yeye ana milango mingi inayomsubiri, na macho yake siku hizi hayataki kazi ndefu ya moto. Akaninyooshea kidole.

"Mpe huyu."

"Amewahi?"

"Hajawahi. Lakini mshono wake ni mzuri kuliko wangu."

Mama akanitazama. Dereva akanitazama. 

"Sikiliza, mwanangu," mama akasema. "Gari nakuachia ukiwa na mjomba wako hapa. Lakini nikiona kazi yako itanilaza tena korongoni, nalipeleka Arusha. Huko wana mabampa yaliyokwisha kutengenezwa. Wewe utaendelea na madirisha yako, na mimi sitakuwa na kinyongo. Haya, niambie. Tuweke nini?"

Nilifungua mdomo. Upepo ukaingia. Nikaufunga.

"Fundi bubu," dereva akasema, lakini kwa upole, na wakaenda zao kunywa soda.

Nilirudi nyumbani nimevunjika. Sikuwa mtu wa kuchukia madirisha, ila tangu nianze kushika mashine nilikuwa natamani kitu kimoja chenye kutembea. Dirisha ukishalifunga linabaki pale pale mpaka nyumba ianguke. Gari linaenda, na kazi yako inaenda nalo.

Wadogo zangu walikuwa uani wanatengeneza magari ya mabua. Kama hukulelewa huku, nikueleze. Mtoto anachukua bua kavu la mtama, anamenya ganda, na ndani kuna kitu cheupe, laini na chepesi. Kile cheupe ndicho bodi la gari, na ganda ukilichana linakuwa msumari. Unachomeka, unaunganisha, na ukikosea unachomoa na kuanza upya bila mtu kukugombeza. Nami nilitengeneza mengi sana. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameweka bampa refu mbele, kila akilisukuma gari juu ya jiwe bampa linakwama, naye analikata kipande na kusukuma tena. Alikata mara kadhaa mpaka likapita, akaendelea na mchezo kama hakuna kilichotokea.

 Kisha nikaenda kwenye kichanja nikaanza kushusha mabua.

"Wewe!" mama yangu akaniita kutoka jikoni. "Hicho ni chakula cha ng'ombe. Unakipeleka wapi?"

"Kwenye gari, mama."

"Gari linakula mabua siku hizi?"

Asubuhi niliwahi karakana kabla mtu hajafika. Nilifunga mabua kwenye ncha za chasisi kwa vipande vya mpira wa tairi, nikajenga bampa zima kwa ukubwa wake halisi. Manene kwa ajili ya chaneli, membamba kwa ajili ya mabomba. Mabawa nikayapinda pale kwenye vifundo. Taa nilizifanya kwa vifuniko vya ndoo. Nyuma nikajenga kitako cha madumu na ngazi. Sikuamua chochote mwenyewe. Niliweka kila walichokitaka wote.

Walipofika, dereva alicheka mpaka akashika nguzo.

"Jamani! Gari limevaa mabua! Dogo, tukikwama tunalichemsha tunakula?"

Lakini mama hakucheka. Alizunguka gari polepole. Akarudi nyuma, akakodoa macho. "Kumbe mabawa ni mapana hivi?" akasema. Dereva naye akasogea. "Hii taa ingekaa hapa zaidi." Nikaichomoa, nikaiweka hapo zaidi. "Na hili bomba lishuke." Nikalishusha. Basi, tukawa tunaongea! Wao kwa mdomo, mimi kwa mikono. Asubuhi ile nilijibu maswali mengi kuliko niliyojibu shuleni miaka yote.

Mama akasema anataka kulifikiria kwanza usiku huo. Akaondoka na gari likiwa limevaa hivyo hivyo, ili nyumbani kwake nako walitazame. Watoto walilikimbilia mpaka mwisho wa mtaa.

Sasa nielezeni. Mimi nimelelewa na ng'ombe. Mjomba amelelewa na ng'ombe. Yule mama ana zizi nyumbani kwake, lenye ng'ombe wazuri kabisa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, nyasi zimekwisha, na mifugo yote ya Singida inaishi kwa mabua makavu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Asubuhi simu ya mjomba ililia. Akaiweka sauti kubwa.

"Bampa limeliwa," mama akasema.

"Limeibwa?"

"Li-me-li-wa. Ng'ombe walifungua lango la zizi wenyewe. Wamemaliza la nyuma lote, na ngazi. La mbele dume langu lilipitisha pembe kwenye ngao, likashindwa kuitoa, sasa linatembea uani limeivaa shingoni kama bibi harusi. Njooni muone."

Tulikwenda. Ni kweli lilikuwa limevaa. Dereva alikuwa amekaa chini anafuta machozi ya kicheko, anasema, "Fundi, dume linauliza kama unayo saizi kubwa zaidi." Mjomba naye alicheka. Mimi nilitaka ardhi inifunike. Niliona gari tayari liko njiani kwenda Arusha.

Lakini mama alikuwa ameshika pembe za dume lake, anaitoa ile ngao taratibu, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Hebu tazameni," akasema. "Bua limevunjika ndiyo maana huyu mzima. Hili lingekuwa bomba la chuma, angevunja shingo. Na njia ile ina ng'ombe kila mahali, wengine wamelala katikati ya barabara. Sitaki chuma chenye matundu ya kushika pembe za watu." Alikuwa na maana ya pembe za ng'ombe wa watu. "Ngao ndefu sitaki. Bomba moja tu, la kulinda rejeta, liwe limeinama nyuma, ng'ombe akigusa ateleze."

Dereva aliacha kucheka. Ngao ilikuwa kipenzi chake. Alimtazama dume, akatazama gari, akasema, "Haya. La kwanza limekwenda."

Njiani kurudi nilikuwa nawaza. Mabua yalikuwa yametuambia jambo ambalo picha za kwenye simu zisingetuambia. Na yalituambia kwa kuvunjika. Je, tukiyapeleka yakavunjike mahali penyewe?

Wazo lilikuwa zuri, ila lilihitaji mtu wa kulisema. Nililibeba siku nzima kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Mama na dereva walikuja jioni, wakakaa na mjomba, na nikamsikia mama anaanza, "Basi nadhani Arusha..." Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya kuchomelea, ile inayofunika uso wote, nimeipandisha juu ya kichwa. Niliishusha. Ndani mle ni giza, huoni macho ya mtu. Nikasema kwa sauti:

"Tulijenge tena, tushuke nalo korongoni. Bua litakapovunjika, chuma kisikae hapo."

Wote watatu wakanigeukia.

"Nani anaongea humo ndani?" dereva akauliza. Akagonga kofia kwa kidole, ngo, ngo. "Hodi? Kumbe kuna mtu!"

"Rudia, mwanangu," mama akasema.

Nikarudia, bado nimejifunika.  Mama akasema, "Arusha haina korongo langu. Jenga."

Safari hii nilitumia mabua ya alizeti, ambayo ng'ombe huyapita kama hayaoni. Ni manene, mepesi, na yakigongwa yanavunjika kwa mlio mkali. Nikarudisha kila kitu isipokuwa ile ngao ndefu; taa nikazipanga juu ya lile bomba moja la kulinda rejeta. Mabawa ya dereva yakabaki mapana. Madumu ya mama yakabaki nyuma, chini.

Tukapanda sote, mimi nyuma pamoja na mizigo. Tukashuka Sekenke kwa lami, magari makubwa yakitupita na madereva wakitoa vichwa kutazama gari lililovaa alizeti. Tukaacha lami, tukapita mashamba na vichaka vya migunga ambavyo matawi yake yanachapa pande zote mbili. Hapo ndipo taa za juu zilipoondoka, moja baada ya nyingine, ta, ta, kama mtu anavunja karanga. Dereva alikuwa anatazama kwenye kioo na kila ta anafanya "Aisee."

Korongoni tukashuka sisi abiria. Dereva akalishusha gari polepole kama mtu anayebeba maji. Mimi na mama tulipiga magoti pembeni, mashavu karibu na mchanga, kutazama chini. Pua ikaenda chini, chini, ikafika mchangani, ikaanza kuinuka. Bawa la kushoto, ta! Bawa la kulia, ta! Gari likapanda, na mkia ukashuka, na kile kitako cha madumu kikakokota mchanga, kikajikunja, kikabaki chini kama kiota kilichoanguka.

Katikati ya bampa, pale panapokaa winchi, hapakuguswa hata bua moja.

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Aliokota kipande cha kitako chake cha madumu, akakigeuza mkononi. "Hiki nilikitaka mimi mwenyewe," akasema. "Ningejilaza tena korongoni kwa mikono yangu."

Dereva alirudi kwa miguu, ameshika mabawa yake, moja kila mkono.

"Dogo," akasema. "Nisamehe ile fundi bubu."

Nikamwambia, "Haina shida, kaka." Bila kofia. Alikuwa mtu mmoja tu, hilo nililimudu.

Tulichagua pale pale, tumekaa ukingoni mwa korongo, na safari hii hapakuwa na ubishi. Mabawa tukayakata, pembe za bampa zipande juu kuelekea magurudumu badala ya kushuka. Taa zikabaki mbili, ndani ya bampa, zikikingwa na chuma, matawi yasizifikie. Madumu yakahamia juu, nyuma ya kichwa cha gari. Nyuma tukaacha chaneli fupi, nene, yenye sehemu bapa ya kukanyaga na kuwekea jeki, kwa maana dereva alisema jeki ikiwekwa kwenye tope inazama yenyewe na gari linabaki linakuangalia. Winchi haikuwepo bado, ila tukakubaliana niiachie mahali pake na matundu ya boliti. Nikaomba jambo moja la kwangu: ndoano mbili za kuvutia, kila moja imeshikwa moja kwa moja kwenye chasisi wala si kwenye bampa. Mjomba alinifundisha kwamba mzigo lazima ushike mfupa.

Sikupima kwa kamba. Nilikusanya mabua yote, mazima na yaliyovunjika, nikayafunga mzigo, nikarudi nayo. Karakana nikayapanga chini kama yalivyokaa garini, na kila chuma nilichokata nilikilaza juu ya bua lake kwanza. Pale bua lilipovunjikia, chuma kiliishia kabla.

Kazi ilikuwa ndefu. Upepo ulisumbua sana, mjomba akawa ananishikia bati upande wa mawe ili moto usiyumbe. Akichoka anakuja dereva anashika yeye, anasimulia hadithi za barabara ya Manyoni na jinsi alivyowahi kukimbizwa na nyuki akaacha gari linaunguruma peke yake. Nilipokuwa nimejifunika nilimjibu, na siku nyingine nilimjibu nikiwa nimefungua. Mishono niliipiga taratibu, kama ninavyoandika. Nikimaliza mmoja naugonga kwa nyundo, nausikiliza. Ukilia kengele, sawa. Ukilia debe, nausaga na kuanza tena.

Tulipolifunga garini, halikuwa na urembo. Dereva alilizunguka, nikajua analikumbuka lile la kwenye simu. Kisha akaweka mguu juu yake, akapiga mkao, akamwambia mjomba ampige picha.

Mvua ya kwanza ilikuja mapema, ya mawe na radi, na asubuhi yake mama alikuwa mlangoni petu na gari limejaa unga mpaka juu.

"Panda," akaniambia. "Aliyelitengeneza asikae nyumbani kusubiri habari."

 Mlima wa Sekenke ulikuwa na ukungu. Tulipoacha lami, ardhi ilikuwa nyeusi na inanata, na mbele ya korongo tulikuta watu wamesimama. Trekta dogo la wachimbaji lilikuwa limezama ng'ambo, kwenye mdomo wa njia ya kupandia, na tela lake limeziba nusu ya njia. Chini maji yalikuwa yanapita, si mengi, ila yalikuwa na sauti.

Mama alisoma dua yake kimya kimya. Dereva akaweka gia nzito, akanitazama.

"Fundi, tushuke?"

Nilimwambia tushuke.

Pua ikaenda chini. Nilikuwa nimekaza meno, nasubiri ule mlio. Nilishausikia mara mbili, bawa la kushoto, bawa la kulia, na masikio yangu yalikuwa tayari kuusikia kwa chuma. Tukafika majini. Pua ikaanza kuinuka. Sasa, nikasema moyoni. Sasa. Pembe za bampa zilipita juu ya mchanga, sijui kwa upana wa kiganja, sijui pungufu. Mkia ukashuka. Sasa. Hakuna. Kulikuwa na maji na injini tu. Tukatoka upande wa pili tukiwa wazima, tumepita pembeni ya tela, na mimi nilikuwa bado nasubiri mlio.

Mama alipiga kigelegele ndani ya gari mpaka masikio yakaziba. Dereva akagonga usukani, honi ikalia, watu wakaanza kushangilia ingawa wengi hawakujua wanashangilia nini.

Lakini trekta bado lilikuwa pale. Kijana mmoja wa wachimbaji, aliyejaa tope mpaka nyusi, akasema, "Kaka, mtusaidie, tupo hapa tangu alfajiri." Tukageuza, tukafunga mnyororo kwenye ndoano zangu. Dereva akavuta. Magurudumu yakatafuna tope, mnyororo ukanyooka ukalia, na mimi nilikuwa nimesimama nje naangalia ile mishono kama mtu anayemwangalia mtoto wake akivuka barabara. Trekta likatikisika. Likatikisika tena. Likatoka likiwa limebeba nusu ya korongo kwenye magurudumu.

"Nani aliyewatengenezea hizi ndoano?" yule kijana akauliza, akizishika.

Dereva akanisukuma mbele. Watu wote wakanitazama, wachimbaji, akina mama waliokuja kupokea unga, watoto. Walikuwa wengi kuliko wawili. Kofia yangu ya kuchomelea ilikuwa Mwankoko.

"Sema neno, fundi," dereva akasema.

Nilisikia maneno yanaanza kurudi tumboni kama kawaida yao. Nikayashika njiani.

"Ni mimi," nikasema. "Na tukishusha unga, tutashuka korongoni tena mkitaka kuona."

Wakataka. Tulishusha unga, mkavu wote, kisha dereva akashuka na kupanda korongo lile bila sababu yoyote ya maana, watoto wakikimbia pembeni, na mama amekaa mbele ameshika kilemba chake, anasema, "Mara ya mwisho, baba, mafuta hayo!" halafu anacheka na kumruhusu tena.

Sasa kuna gari jingine karakana. Mwenyewe anatoka upande wa Manyoni, na njia yake haina mchanga, ina mawe. Wadogo zangu wanakusanya mabua ya alizeti, na mama yangu ameyatenga yale ya mtama akanionya nisiyaguse.

Ndiyo maana nakuomba wewe uliyesoma mpaka hapa. Kalamu imenichosha na jua linaondoka kwenye karatasi, lakini ningependa kujua njia ya kwenu ikoje. Ina korongo, mawe, tope, au miti iliyoinama? Gari la kwenu likishuka, kitu gani kinagonga kwanza? Niandikie. Usijali mwandiko, umekwisha kuuona wa kwangu. Nasoma polepole, ila nitasoma mpaka mwisho, na nitakujibu.